Vitenzi vya Kiingereza vya kupungua polepole: dwindle, wane, abate, subside, taper off

Kitenzi pungua hubeba mzigo mkubwa katika Kiswahili. Fedha hupungua, homa hupungua, mvua hupungua, samaki ziwani hupungua, hata hamu ya kula hupungua. Katika Kiingereza, decrease huweza kutumika karibu popote, lakini kina harufu ya majedwali na ripoti. Mwandishi mzoefu wa lugha hiyo huchagua kitenzi baada ya kutazama kile kinachopungua: ni idadi, ni nguvu, ni kina cha maji au ni ukali wa jambo? Mfasiri naye hana budi kuanzia hapo.

Dwindle hutumika kwa idadi au akiba inayoelekea kwisha. Asili yake ni neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha kunyauka na kukonda, na majonzi hayo hayajakitoka. Mwaka 1970 Afrika ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi wapatao 65,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 walikuwa chini ya 2,500. Kiingereza chaweza kusema: The black rhino population dwindled to fewer than 2,500. Tafsiri ya "idadi ya vifaru weusi ilipungua" ni sahihi kisarufi lakini imepwaya. Dwindle humwelekeza msomaji kwenye kile kilichosalia, kwa hiyo afadhali: "Vifaru weusi waliendelea kupungua hadi wakabaki chini ya 2,500." Kitenzi baki ndicho kinachorudisha uzito uliokuwa ukipotea. Decline, kwa upande wake, huonyesha tu kwamba mwelekeo ni wa kushuka. Kukifasiri kwa poromoka, kama vichwa vya habari vinavyopenda kufanya, ni kugeuza mteremko kuwa genge.

Wane hutajwa sana kwa mwezi unaopungua baada ya kuwa mpevu, na hudokeza kwamba kitu kilikwisha kufikia kilele. Hufaa kwa ushawishi, shauku na kinga ya mwili. Protection against tetanus wanes over time: "Kinga dhidi ya pepopunda hufifia kadiri muda unavyopita," na ndiyo sababu chanjo hiyo hurudiwa. Fifia ni kitenzi chenye ukarimu, kwani hupokea pia fade ya sauti, mwanga na kumbukumbu. Rangi ya nguo, hata hivyo, huchujuka. Mtaani husemwa kwamba msanii fulani "amechuja". Maana inakaribiana sana na his popularity has waned, ila rejista ni nyingine kabisa, na anayefasiri makala ya kitaaluma ajihadhari.

Abate ni cha ukali: dhoruba, maumivu, hasira. Hapa kosa la kawaida ni kuvuka mpaka kati ya kupungua na kukoma. The rain has abated haimaanishi kwamba mvua imeanuka. Bado yaweza kuwa inanyesha, ila "imepungua makali". Subside kinatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuketi au kutua, na picha ya kitu kinachoshuka na kutulia ingali imo. Kiswahili hapa ni tajiri kuliko Kiingereza: uvimbe hunywea, ghasia hutulia, ardhi hutitia, maji ya mafuriko hushuka. Maji hayo hayo yakitazamwa kwenye ukingo wake unaorudi nyuma, Kiingereza hubadili na kusema recede, kitenzi kinachofaa pia kwa barafu ya Kilimanjaro na kwa nywele za paji la uso. Ebb ni cha maji ya bahari kupwa. Kiingereza hukihamishia kwenye nguvu na matumaini, lakini pwa haihami kwa wepesi huo, na "matumaini yalikupwa" itamshangaza msomaji wa Kiswahili. "Yalififia" yatosha.

Taper off kinahitaji uangalifu wa pekee, maana huonekana katika maelezo ya dawa. Taper ni mshumaa mwembamba, na kitenzi chake humaanisha kuendelea kuwa chembamba kuelekea ncha. Mgonjwa aliyetumia prednisolone kwa muda mrefu huweza kuandikiwa: The dose should be tapered off. Mfasiri akiandika "dozi isimamishwe", amemwelekeza mgonjwa kwenye hatari, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo huhitaji muda kabla ya kurudia kutengeneza homoni ambayo dawa ilikuwa ikishika nafasi yake. Tafsiri salama ni: "Dozi ipunguzwe hatua kwa hatua, kwa mpango wa daktari, hadi dawa iachwe." Kisichanganywe na wear off, ambacho hakihusu dozi bali nguvu ya dawa kuisha yenyewe mwilini, kama ganzi ya jino.

Upolepole, ambao vitenzi hivi vingi hubeba ndani yake, Kiswahili huuweka katika muundo: "akiba ilikuwa ikienda ikipungua", "ilizidi kupungua", au kwa kurudufu, kama katika methali chovya chovya yamaliza buyu la asali. Methali hiyo, kwa kuwa inamtaja mtendaji, iko karibu zaidi na deplete kuliko dwindle.

Tofauti hiyo ya mtendaji huwatatiza wanafunzi wengi. Kiswahili huunda punguza kutokana na pungua bila taabu. Kiingereza hakitoi njia hiyo kwa kila kitenzi. Dwindle na wane kwa kawaida havichukui yambwa, hivyo the government dwindled the budget haikubaliki. Huandikwa cut au reduced. Reduce nacho kwa kawaida hudai yambwa, na the price has reduced, inayosikika mno Afrika Mashariki, katika maandishi rasmi ibadilishwe kuwa the price has fallen au has been reduced, kutegemea kama bei imeshuka yenyewe au kuna aliyeishusha.