Betri ya Gari: Matunzo na Ubadilishaji Salama katika Joto la Turkana

Betri ya gari ni chombo cha kuhifadhi umeme kwa kemia. Ile iliyoenea zaidi ina mabamba ya risasi yaliyozama katika asidi ya salfa, na seli zake 6 hutoa kwa pamoja takriban volti 12. Malori yanayopita Lodwar na Kakuma kuelekea Lokichogio aghalabu hufungwa betri mbili kwa mfululizo ili kupata volti 24. Katika Kaunti ya Turkana, usalama wa kifaa hiki huanzia kwenye joto: ndilo linaloifupishia betri maisha, na ndilo linaloifanya iwe hatari mikononi mwa fundi.

Ni kweli kwamba mtikisiko wa barabara mbovu huweza kuvunja mabamba, lakini joto hudhuru hata gari lililoegeshwa. Kanuni inayokubalika miongoni mwa watengenezaji ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25 hupunguza maisha ya betri kwa karibu nusu. Mchana wa Lodwar kwa kawaida hufika nyuzi 35 hivi, na chini ya boneti joto huzidi hapo sana. Maji yaliyochanganyika na asidi hupungua, mabamba hubaki wazi, na betri inayochajiwa kupita kiasi hutoa gesi ya hidrojeni, ambayo ikifikia asilimia 4 ya hewa huweza kulipuliwa na cheche moja. Hata betri iliyofungwa kabisa huachia gesi inapozidiwa. Zile zenye vifuniko huongezwa maji yaliyotoneshwa. Anayeuliza kwa nini anunue maji ilhali kisima kipo, ajue kuwa maji ya ardhini katika sehemu nyingi za Turkana yana chumvi, na chumvi huharibu mabamba. Asidi nayo haiongezwi, kwa sababu kilichotoka kwa joto ni maji. Asidi ilibaki ndani.

Hatari ya gesi kulipuka ndiyo inayoeleza utaratibu wa kubadilisha betri. Injini huzimwa, kisha waya wa hasi hufunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho. Bodi ya gari imeunganishwa na hasi, hivyo spana iliyoshika kichwa cha chanya ikigusa bodi hupitisha umeme mkali na kutoa cheche juu ya gesi. Fundi mzoefu anaweza kusema ameanza na chanya mara nyingi bila kudhurika. Huenda ikawa kweli, ila ushahidi wake ni wa siku ambazo spana haikuteleza, na kufuata utaratibu hakumgharimu chochote. Pete na saa ya chuma huvuliwa kwa sababu iyo hiyo, na miwani ya kinga huvaliwa.

Asidi ikiruka jichoni, huoshwa kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kisha majeruhi hupelekwa hospitali. Mahali ambapo maji ni adimu, jerikeni iliyojaa huwekwa karibu kabla spana haijashikwa, maana ajali haingoji zamu ya bomba. Magadi hufaa kwa asidi iliyomwagika chini, kamwe si kwa macho.

Wengine huona betri kuukuu bado ina faida, na betri za gari hufungwa pia kwenye paneli za jua majumbani na madukani. Matumizi hayo yanakubalika penye hewa ya kutosha, mbali na vitanda. Kisichokubalika ni kuipasua na kuyeyusha risasi yake. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kiliwadhuru wakazi, watoto wakiwemo. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Betri iliyokufa irudishwe nzima, ikiwa na asidi yake, kwa muuzaji atakayeifikisha kwenye kiwanda chenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.