Umri wa Kubisha

Mwaka 1947 Dorothy Sayers, mtunzi wa riwaya za upelelezi, alitoa mhadhara Oxford akilalamika kwamba shule zinawafundisha watoto masomo mengi lakini haziwafundishi kufikiri. Dawa yake ilikuwa kongwe: sarufi, mantiki, balagha, kama shule za Ulaya ya zama za kati. Kila ngazi aliipa umri wake. Mtoto mdogo hufurahia kukariri, basi na akariri. Akikaribia miaka 12 hubishana na kila mtu, basi afunzwe kubisha kwa hoja. Baadaye atataka kusema la moyoni. Hapo apewe ufasaha. Wazo hilo lilipata shule mwaka 1981, Douglas Wilson na wenzake walipofungua Logos School huko Moscow, mji mdogo wa Idaho, Marekani. Leo shule za Kikristo za mkondo huo ni nyingi, na Kilatini huanza mtoto angali mdogo.

Kivu, mashariki mwa Kongo, nayo ilikuwa na Kilatini chake, tena cha ukoo mkubwa zaidi. Mwongozo wa shule za Wajesuiti, Ratio Studiorum wa 1599, ulipanda kutoka madarasa ya sarufi hadi darasa la balagha, na Wajesuiti ndio walioanzisha koleji ya Bukavu iitwayo sasa Alfajiri. Sekondari za Kongo bado zina mchepuo wa Kilatini na falsafa. Ila mchepuo huo huanza baada ya mwaka wa nane, umri wa kubisha ukiwa umekwisha kupita nusu.

Tofauti nyingine ni ya nani mwenye shule. Idaho, wazazi hulipa na hujipangia wenyewe. Goma, mji wa Kivu, shule nyingi za Kikatoliki na Kiprotestanti ni za mkataba: Rais Mobutu alizitaifisha mwaka 1974, kisha makubaliano ya tarehe 26 Februari 1977 yakayarudishia makanisa usimamizi, mtaala ukabaki wa dola. Tangu primeri ya serikali itangazwe kuwa bure mwaka 2019, madarasa yamefurika. Usimwombe mwalimu wa darasa kama hilo amsikilize kila mtoto akijenga hoja.

Ngazi ya kwanza, kusema kweli, Goma inaijua vizuri. Pita kando ya darasa la mbao lililosimama juu ya mawe ya volkano: ba, be, bi, bo, bu kwa sauti moja, halafu jedwali la kuzidisha, halafu Baba Yetu. Vyuo vya Kurani vya pwani, kuanzia Lamu hadi Zanzibar, vilianza hivyo hivyo, na huko sarufi, mantiki na balagha viliwangoja wachache waliobaki kusoma kwa masheikh ukubwani. Sioni aibu katika kukariri. Anayebeza hajaona mtoto anavyojivuna akiimaliza sura au zaburi bila kukwama.

Shida ni mwaka wa saba, umri wa kubisha unapoanza. Mwalimu anaandika ubaoni kwa Kifaransa, darasa linanakili. Mapumziko yakifika, hao hao walionyamaza wanabishania bao lililokataliwa, kwa Kiswahili cha Goma, wakiita mashahidi, wakimnasa mwenzao kwa maneno aliyoyasema mwenyewe dakika mbili nyuma. Kengele ikilia, mantiki yote inabaki uani. Miaka michache baadaye Mtihani wa Dola wa kumaliza sekondari utawadai insha ya hoja kwa Kifaransa, kana kwamba walikuwa wakiifanyia mazoezi.

Watetezi wa Kilatini Marekani husema kinamtoa mtoto nje ya lugha yake ili aione. Mtoto wa Goma alitoka zamani: nyumbani Kinande, Kihunde au Kinyarwanda, mtaani Kiswahili, ubaoni Kifaransa. Kumwongezea ya nne si haraka. Kipindi cha dini, ambacho kanisa lina usemi nacho, kingetosha kuanzia. Wape mwaka wa saba mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, aliyefanya saa moja akalipwa sawa na aliyechomwa na jua mchana kutwa, na uwaulize kwa Kiswahili kama mwenye shamba alitenda haki. Wengine wana baba au kaka anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kwa malipo ya siku. Hawatanyamaza, na mwalimu naye ajiandae kubishiwa.