Namba Mgongoni: Kutoka Kipande hadi Bodaboda

Katika mashindano ya farasi, mpandaji huvaa namba ili mwamuzi amtambue kwa mbali. Kwetu mpakani, kutoka Busia hadi Rubongi, namba ya mgongoni ni ya bodaboda.

Miaka ya 1960 na 1970 vijana wa Busia walivusha abiria kwa baiskeli kati ya forodha ya Uganda na ya Kenya, wakinadi "boda, boda". Kiti kilikuwa mto uliofungwa juu ya keria. Namba ya nini, nadhani, wakati abiria alimjua kijana na hata mama yake?

Pikipiki zilipokuja, waendeshaji wakawa wengi, wakafanana. Sheria ya Kenya ya 2012 ikadai kofia ngumu na koti la kuakisi mwanga, reflekta. Juu ya reflekta vyama vingi vikaandika jina la steji na namba.

Wenzangu darasani huiita kipande kilichorudi. Sikubaliani nao. Kipande, tangu 1920, kilining'inia shingoni mwa mwanamume Mwafrika wa Kenya ndani ya kikebe cha chuma. Humo mlikuwa na alama za vidole na habari za kazi yake, na wasomaji walikuwa mwajiri na polisi. Namba ya reflekta husomwa na mama wa Rubongi aliyesahau unga wake kwenye pikipiki. Akiitaja stejini, mwenyekiti hupiga simu.

Ila reflekta huazimwa. Anayeivaa leo huenda siye aliyeandikishwa, na hapo mama hupata mwenye koti, unga haupati.