Maji moto kisha baridi: Nani anafaidika, nani yuko hatarini

Na Mwandishi Wetu

KWA vizazi vingi wakazi wa Bugomora na kata nyingine za Wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, wamekuwa wakisikia sifa za chemchemi za maji moto za Mtagata. Husemwa kuwa maji hayo huondoa maumivu ya viungo, hukausha vidonda na kutibu magonjwa ya ngozi. Jina lenyewe linatokana na lugha za ukanda huu, ambamo neno kutagata lina maana ya kupata joto. Ng'ambo ya mpaka, katika Wilaya ya Sheema nchini Uganda, kuna chemchemi za Kitagata zenye jina la asili hiyo hiyo na sifa hizo hizo.

Katika miaka ya karibuni imani hiyo ya kale imekutana na mtindo wa mijini. Hoteli na vituo vya mazoezi vya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala vina vyumba vya joto kavu, yaani sauna, na baadhi ya wateja hutoka humo wakiwa wamelowa jasho na kujitumbukiza moja kwa moja katika maji baridi. Hurudia mara tatu au nne. Wanaoutetea mtindo huo wanadai kuwa husafisha damu, huimarisha moyo na kufukuza magonjwa.

Madai hayo hayana uzito sawa. Mengine yana ushahidi, mengine hayana kabisa, na kwa watu wa aina fulani kubadilisha joto na baridi kwa ghafla kunaweza kuwa chanzo cha kifo.

Sifa za Mtagata zilianza kuandikwa zamani. Mwezi Machi 1876, mpelelezi Henry Morton Stanley, akiwa mgeni wa Mfalme Rumanyika wa Karagwe, alifika kwenye chemchemi hizo. Kyerwa wakati huo ilikuwa sehemu ya ufalme wa Karagwe, na iliendelea kuwa ndani ya Wilaya ya Karagwe hadi ilipopewa wilaya yake mwaka 2012. Stanley alipima chemchemi yenye joto kubwa zaidi na kupata nyuzi 129.5 za Farenhaiti, ambazo ni takriban nyuzi 54 za Sentigredi. Nyingine nne zilikuwa na nyuzi zipatazo 43. Alikaa siku tatu akioga, akanywa maji hayo kwa wingi na kuchukua chupa moja iliyopelekwa London kuchunguzwa. Katika kitabu cha safari yake alieleza kuwa, ukiacha usafi wa mwili, hakuona faida nyingine aliyoipata. Ni kweli kwamba hakwenda hapo kutibiwa, na siku tatu ni chache. Hata hivyo, neno lake kuhusu usafi si la kupuuzwa, kwa kuwa magonjwa mengi ya ngozi hupata nafuu mtu anapooga kila siku.

Mwili unapoingia kwenye joto kali, mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi hutanuka ili kutoa joto nje. Moyo huongeza kasi, na katika sauna mapigo yanaweza kufikia 100 hadi 150 kwa dakika, sawa na ya mtu anayetembea kwa haraka au kupanda mlima. Jasho linaweza kufikia nusu lita. Mtu anapotoka, shinikizo la damu huwa limeshuka, na ndiyo maana wengine huona kizunguzungu wakisimama ghafla.

Baridi hufanya kinyume chake. Mishipa ya ngozi hubana papo hapo, damu husukumwa kuelekea katikati ya mwili na shinikizo hupanda. Pumzi hukatika, kisha mtu huanza kuhema kwa kasi asiyoweza kuizuia. Hali hiyo huitwa mshtuko wa baridi. Huanza maji yanapokuwa chini ya nyuzi 25 hivi, huwa kali zaidi kati ya nyuzi 10 na 15, na hutulia baada ya dakika chache. Kwa kipimo hicho, maji ya bomba ya Dar es Salaam mchana wa Februari hayawezi kuitwa baridi. Maji yaliyolala nje kwenye ndoo usiku mzima katika vilima vya Karagwe ni jambo jingine.

Ushahidi wenye nguvu zaidi unahusu joto, na unatoka Finland, nchi ambayo utamaduni wake wa sauna uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2020. Watafiti waliwafuatilia wanaume 2,315 wa umri wa kati mashariki mwa nchi hiyo kwa takriban miaka 20. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa waliotumia sauna mara nne hadi saba kwa wiki walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 63 ya kufa ghafla kwa ugonjwa wa moyo, wakilinganishwa na waliotumia mara moja kwa wiki. Vifo vya sababu zote navyo vilikuwa pungufu kwa asilimia 40.

Takwimu hizo hunukuliwa mno, mara nyingi bila tahadhari zake. Utafiti wa namna hiyo huonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja. Hauthibitishi kuwa moja limesababisha jingine. Huenda mwenye afya ndiye anayeweza kukaa kwenye joto kila siku, na mgonjwa ndiye anayelikimbia. Aidha, kilichohesabiwa ni mara ngapi mtu aliingia sauna. Hakikuwa kipimo cha kujitumbukiza kwenye baridi, na anayetumia matokeo hayo kutangaza pipa la barafu anayapa kazi isiyo yao.

Kuhusu baridi baada ya joto, utafiti mkubwa ulifanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2016. Watu wazima zaidi ya 3,000 waligawanywa katika makundi. Baadhi walioga kama kawaida, wengine walimalizia bafu lao la maji moto kwa maji baridi ya sekunde 30, 60 au 90, kila siku kwa mwezi mmoja. Waliotumia maji baridi walikosa kazi kwa sababu ya ugonjwa kwa kiwango pungufu kwa asilimia 29. Hata hivyo, idadi ya siku walizojisikia kuumwa haikupungua. Kwa maneno mengine, waliugua kama wenzao lakini walikwenda kazini. Sekunde 30 zilitosha. 90 hazikuongeza kitu.

Huenda maelezo yamo katika homoni. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2000, vijana waliokaa saa moja katika maji ya nyuzi 14 walipandisha kiwango cha noradrenalini katika damu kwa asilimia 530. Kemikali hiyo huamsha mwili na akili, na ndiyo inayoweza kueleza ile hali ya uchangamfu ambayo waogaji huisifu.

Kwa wanamichezo, kubadilisha maji moto na baridi hupunguza maumivu ya misuli kuliko kukaa bila kufanya lolote. Tofauti kati ya njia hiyo na njia nyingine za kujipumzisha, kama kunyoosha viungo au kuingia kwenye maji baridi peke yake, ni ndogo. Nadharia maarufu kuwa kubadilishana huko huisukuma damu ndani ya misuli kama pampu haikupata nguvu katika vipimo vya miaka ya 1990, kwa kuwa joto la ndani ya misuli lilibadilika kidogo mno. Na kwa anayenyanyua vyuma ili kujenga mwili, baridi ya mara kwa mara baada ya mazoezi inaweza kupunguza ukuaji wa misuli.

Hatari kubwa iko kwenye badiliko la ghafla. Moyo ulioambiwa na joto ulegeze mishipa unaamriwa na baridi kusukuma dhidi ya mishipa iliyobana. Kijana mzima huhimili. Mwenye mishipa ya moyo iliyoziba anaweza kupata shambulio la moyo, na mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa anaweza kupata kiharusi. Tatizo ni kwamba shinikizo la damu halina dalili kwa wengi wenye ugonjwa huo, hivyo anayejiona mzima huenda hajawahi kupimwa. Waliopata shambulio la moyo karibuni, wenye maumivu ya kifua yasiyotulia na wenye valvu ya moyo iliyosinyaa sana hawatakiwi kabisa kuingia sauna, sembuse baridi inayofuata.

Pombe huzidisha hatari hiyo. Aliyekunywa rubisi au bia hushuka shinikizo zaidi, hupoteza maji na hatambui mwili unapoomba kutoka. Hata bila pombe, ushindani ni hatari: mwaka 2010 mashindano ya dunia ya kukaa sauna mjini Heinola, Finland, yalimalizika kwa kifo cha mshiriki mmoja katika joto la nyuzi 110, na hayakufanyika tena.

Wajawazito, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo, wanashauriwa kuepuka joto linalopandisha sana joto la mwili. Wenye kisukari waliopoteza hisia miguuni wako katika hatari ya aina yake, kwani maji ya nyuzi 54, kama yale aliyopima Stanley, yanaweza kuunguza ngozi vibaya kwa takriban nusu dakika tu, na wao hawatahisi. Katika chemchemi yoyote ya asili ni vema pia kutozamisha kichwa. Katika maji vuguvugu huweza kuishi ameba ambaye, akiingia kupitia puani, hushambulia ubongo. Ugonjwa huo ni wa nadra sana lakini karibu kila mara huua.

Anayetaka kujaribu na hana ugonjwa wa moyo anashauriwa apime kwanza shinikizo la damu, anywe maji, akae kwenye joto dakika 10 hadi 15, kisha apumzike hewani kwa dakika chache kabla ya baridi. Aanze kumwagia miguu na mikono, si kuruka kichwa mbele, na asiwe peke yake.

Wenye shinikizo la damu, kisukari au virusi vya Ukimwi wanaokwenda kwenye chemchemi wanapaswa kwenda na dawa zao na kuendelea kuzimeza kwa saa ile ile. Mwaka 2011, maelfu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Masapila, walikuwapo walioacha dawa wakiamini wamepona. Mtu anayeacha vidonge vya shinikizo baada ya kuoga Mtagata anaweza kujisikia vizuri kwa siku kadhaa, kwa kuwa joto hushusha shinikizo kwa muda. Likipanda tena, hatajua mpaka apimwe.