Kelele za Sinema



Mtu aliyekwenda sinema mwezi huu, katika moja ya kumbi mpya zilizomo ndani ya maduka makubwa ya Dar es Salaam au Nairobi, hurudi nyumbani na sifa pamoja na manung'uniko. Sifa ni za kiti laini, ubaridi wa kiyoyozi na sauti inayotikisa kifua. Manung'uniko ni ya bei ya bisi na soda, na ya jirani anayewasha simu gizani akaanza kujibu ujumbe wakati stelingi yuko hatarini. Mimi nimekwenda mara tatu hivi karibuni, na yote hayo nimeyaonja.

Lipo nung'uniko jingine. Akitokea kijana akampigia stelingi ukelele kumwonya kwamba adui yuko nyuma ya mlango, hakosi bwana wa kumkaripia: "Nyamaza, hapa si kibandani!" Karipio hilo limebeba shutuma ya siku nyingi, kwamba watu wetu hawajui kukaa sinema. Leo nataka tuipime shutuma hiyo kwa historia.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, picha zilionyeshwa katika miji ya pwani kwenye mahema na mabanda ya bati, na wafanyabiashara waliozunguka na mashine zao. Mwaka 1921 likafunguliwa jumba la Royal huko Vuga, mjini Unguja, kwa mchoro wa John Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyechora majengo mengi ya mji ule. Baadaye likaitwa Majestic. Jengo hilo liliungua, na jipya likafunguliwa mwaka 1955. Mji huohuo mdogo ulikuwa na Empire pale Darajani, na Sultana, ambayo baadaye ilibadilishwa jina ikawa Cine Afrique. Pemba walikuwa na sinema zao Wete na Chake Chake. Dar es Salaam ilikuwa na Avalon, Odeon, Empress, Cameo, New Chox na nyinginezo, na mwaka 1966 ikaongezeka sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari, kando ya barabara ya zamani ya Bagamoyo.

Sasa tazama jambo hili. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha majaribio ya kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba. Wataalamu wa filamu za serikali za kikoloni, wakati ule na hata baada ya vita, walishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata hadithi ngumu. Basi wakataka picha ziende polepole, ziwe za mambo ya kijijini, na zisiruke kutoka tukio moja hadi jingine. Huo ndio ukoo wa shutuma yetu.

Lakini mjini, kwa kiingilio alicholipa mwenyewe, mtazamaji huyohuyo alikuwa akikaa karibu saa tatu kutazama picha ya Kihindi. Awaara, ya Raj Kapoor, ilitoka mwaka 1951. Hadithi yake inaanzia mahakamani, inarudi nyuma miaka mingi kabla kijana hajazaliwa, halafu inarejea mahakamani tena. Lugha ni ya Kihindi, na tafsiri ya Kiswahili haimo. Watu wa Unguja, Tanga na Dar es Salaam waliifuata, wakaipenda, wakatoka wakiimba nyimbo zake bila kujua maana ya kila neno.

Waliwezaje? Waliweza kwa kelele. Aliyejua Kihindi alimfasiria aliye karibu naye, naye akampasia wa safu ya mbele. Aliyeiona picha jana alieleza linalokuja, na mara nyingi akatukanwa kwa kuharibu utamu. Mother India ya mwaka 1957 inakwisha kwa mama kumpiga risasi mwanawe mwenyewe kwa sababu amevunja heshima ya kijiji. Hebu fikiria ukumbi uliojaa kina mama, kila mmoja akitoa hukumu yake papo hapo. Hukumu hizo ziliendelea barabarani, zikafika barazani na jikoni, na wiki nzima watu wakabishana juu ya wajibu wa mzazi, mapenzi na sheria. Kelele zile zilikuwa ndiyo njia ya watu kuichukua hadithi ya ng'ambo wakaifanya yao.

Nisiipambe zamani kupita kiasi. Adha zilikuwapo. Picha mpya ya Jumapili iliwatajirisha walanguzi, ambao walinunua tiketi mapema kisha wakaziuza kwa bei ya kuruka mlangoni, huku dirishani limebandikwa tangazo kwamba ukumbi umejaa. Mkanda uliozungushwa nchi nzima ulifika umechakaa, ukakatika mara kwa mara. Pengine nakala moja ilitumiwa na majumba mawili usiku mmoja, na kijana wa baiskeli akawa anakimbiza mizunguko ya mkanda kutoka jumba moja kwenda jingine. Akichelewa, taa ziliwashwa, na miluzi ikaanza. Mkasi wa wakaguzi nao ulipita: wapendanao wakikaribiana tu, picha iliruka, na ukumbi mzima ukaangua kilio cha kudhulumiwa.

Tena ukumbi haukuwa wa usawa. Fedha ndiyo iliyopanga watu: wa senti chache mbele, shingo juu, na wenye nacho nyuma au roshani. Hata hivyo, wote walikuwa chini ya paa moja, wakicheka kwa wakati mmoja. Palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, ili hata aliyekaa ndani kwa desturi apate kutoka. Sikukuu ya Iddi haikukamilika kwa vijana wengi bila nguo mpya na sinema. Kuna mahali pangapi mjini ambapo Mhindi mwenye duka, mchukuzi wa bandarini, mwalimu na mama wa Kingazija wangekutana bila kuitwa na serikali wala dini?

Ukumbi huo ulikufa polepole, kwa mikono mingi. Unguja, majumba yalitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Bara, sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo iliwafanya wenye sinema wengi wawe wapangaji katika majumba waliyoyajenga wenyewe, na mpangaji hapaki rangi nyumba isiyo yake. Uagizaji wa filamu ulikuwa umewekwa chini ya shirika la umma, na miaka ya 1980 ilipofika nchi haikuwa na fedha za kigeni za kununua picha mpya wala vipuri vya mashine. Wakati huohuo video ikaingia majumbani. Mwaka 1994 televisheni ikaanza Tanzania Bara, miaka ishirini hivi baada ya Unguja. Empire ya Darajani ikageuka duka la vyakula. Pale palipokuwa na sinema ya magari, leo pamesimama ubalozi wa Marekani, uliohamia huko baada ya ule wa zamani kulipuliwa mwaka 1998.

Je, kelele zilikufa pamoja na majumba? Hapana, zilihamia vibandani. Katika banda la mabenchi na televisheni moja akazaliwa mfasiri mwenye kipaza sauti. Tanzania ikampata Lufufu, Kenya ikampata DJ Afro, na mikanda yenye sauti zao ikauzwa mitaani. Walimpa stelingi wa Kichina au wa Kimarekani jina la mtaani, wakamtia maneno ya Kiswahili kinywani, na pale hadithi ilipokuwa dhaifu wakaitia chumvi. Mfasiri huyo ndiye mjukuu wa yule mtu wa safu ya nyuma aliyekuwa akifasiri bila malipo. Kwa hiyo anayesema "hapa si kibandani" kwa dharau, anaudharau ukumbi aliokaa baba yake.

Sisemi kila mtu apige mayowe anapotaka. Anayekuja kutazama kwa utulivu naye amelipa kiingilio. Lakini tusichanganye makosa mawili. Anayemwonya stelingi yuko ndani ya picha, tena anatuvuta sote tuingie. Anayewasha simu ametoka zamani. Kilichobaki pale ni mwili wake na ule mwanga unaotuumiza macho. Wa kwanza tunaweza kumwomba apunguze sauti. Wa pili ndiye anayestahili karipio.

Jambo kubwa zaidi ni la wale wasiofika kabisa. Kumbi mpya ni nzuri, lakini ziko mbali na mitaa ya watu wengi, na safu ya senti chache haimo. Wenye kumbi hizo wangeweza kutenga onyesho moja kwa wiki, mchana, kwa kiingilio cha chini, lenye ruhusa ya watoto, mabibi na vicheko. Halmashauri zetu nazo zina viwanja na kuta nyeupe. Tangu mwaka 1998, tamasha la filamu la Zanzibar limeonyesha picha uwanjani, ndani ya Ngome Kongwe, na watu wamekuja na watoto wao wakakaa pamoja na wageni. Na yale majumba ya zamani ambayo bado yamesimama, tuyatazame vizuri kabla hatujayauza kwa bei ya kiwanja.

Mji ambao watu wake wanatazama kila mmoja peke yake, kwenye kioo cha kiganjani, utapata picha nyingi kuliko wakati wowote. Lakini watabishana lini, na nani, juu ya yule mama na bunduki yake?

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.