Uchongaji kwa Leza, na Barafu Mezani

Mafundi wa mihuri na vikombe vya ushindi huiita mashine yao "ya leza". Kazi yake wengine huiita kuchora, wengine kuchoma, wengine kutia nakshi. Mimi ninatetea neno la nne, kuchonga, na hoja yangu kubwa ni barafu.

Kwanza leza yenyewe. Jina hili lilianza kama kifupisho cha Kiingereza chenye maana ya ukuzaji wa mwanga kwa mnururisho uliochochewa. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko California tarehe 16 Mei 1960, akitumia fimbo ya rubi. Mwaka 1964 Kumar Patel, mzaliwa wa India aliyekuwa maabara za Bell nchini Marekani, akatengeneza leza ya gesi ya kaboni dayoksaidi, na ndiyo inayochonga mihuri mingi ya mpira hadi leo. Mwanga wake hauonekani. Urefu wa wimbi lake ni mikromita 10.6, ilhali jicho la mtu huishia karibu na mikromita 0.7.

Urefu huo wa wimbi ndio unaoamua ni kitu gani kitachongeka. Mbao, ngozi, mpira na akriliki huumeza mwanga huu, ukageuka joto katika nukta ndogo mno, na kilichokuwa hapo kikatoka kama moshi au mvuke. Kwenye mbao, neno kuchoma lina haki yake. Kibuyu nacho huungua vizuri, kikaacha mistari ya kahawia kama ile ya chuma cha moto, ila mviringo wake ni taabu: lenzi hukusanya mwanga katika umbali mmoja tu, na uso ukishuka milimita chache mstari hupanuka na kufifia.

Sasa toa kopo la barafu kwenye friza ya duka pale Ngokolo, Shinyanga, mchana wa Oktoba, ulilaze bonge lake chini ya lenzi. Kabla hujabonyeza kitufe, uso wake umeshaanza kutoa maji. Barafu humeza mwanga wa mikromita 10.6 kwa pupa, karibu wote ukaishia ndani ya sehemu chache za mia za milimita. Hilo ni jema. Tatizo ni kwamba maji nayo humeza vivyo hivyo. Yaliyoyeyuka hubaki ndani ya mfereji, na leza ikirudi inayachemsha hayo badala ya kuchimba barafu iliyo chini yake. Kingo za herufi zinalainika, tundu la "a" linajaa, jina halisomeki.

Hesabu yake inafundisha. Gramu moja ya barafu iliyo nyuzi 0 huhitaji jouli 334 ili iyeyuke, na takribani jouli 3,000 ili iishie yote kuwa mvuke. Mashine ndogo ya wati 40 hutoa jouli 40 kwa sekunde. Basi gramu hiyo itayeyuka kwa sekunde 8 na ushei, lakini kuigeuza mvuke kutachukua zaidi ya dakika nzima, hata kama hakuna joto linalopotea. Ndiyo maana anayejaribu barafu huiyeyusha tu, kisha huyaondoa maji: huinamisha bonge yachuruzike, huelekeza pampu ya hewa kwenye mfereji, hupita kwa kasi mara kadhaa, na huchagua herufi nene. Bonge la kopo mara nyingi huwa jeupe katikati kwa viputo vya hewa, kwa hiyo aandike pembeni penye uangavu. Chini aweke trei ya kukinga maji, maana mrija wa leza hii huendeshwa kwa maelfu ya volti. Miwani ya kinga asiivue.

Ukilitazama bonge hilo, hakuna kilichoungua: hakuna moshi wala masizi. Kuna mfereji, na kitu kilichoondolewa. Kuchonga husema hasa hilo, bila kujali kama kilichoondoka kimeungua, kimeyeyuka au kimebanduka. Kuchora humfanya msomaji afikirie wino. Nakshi ni pambo, na nambari ya leseni kwenye muhuri si pambo. Leza ikibadili rangi ya uso pasipo kuondoa kitu, tuseme kutia alama. Ikipenya hadi upande wa pili, kukata.

Kuna kisichofaa kujaribiwa hata kidogo, nacho ni PVC, ya bomba au ya ngozi bandia. Hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayodhuru mapafu ya fundi na kutia kutu mashine yake.

Dhahabu, madini makuu ya mkoa wa Geita, nayo huikataa waziwazi leza hii ya gesi. Huurudisha karibu mwanga wote wa mikromita 10.6, hata baadhi ya vioo vinavyouelekeza mwanga ndani ya mashine hupakwa dhahabu. Pete huchongwa kwa leza ya nyuzi za kioo, ya mikromita 1.06 hivi, inayopiga kwa mapigo mafupi yenye nguvu kubwa. Almasi, kama zile za Mwadui ambako John Williamson aligundua mgodi mwaka 1940, haiurudishi mwanga wa mikromita 10.6 bali huupitisha; almasi safi hutumika kutengenezea madirisha ya leza zenye nguvu nyingi. Ili kuandika nambari kwenye ukingo wa almasi, vituo vya vito vimetumia leza ya urujuanimno. Uso hugeuka grafiti, tabaka jembamba likaondoka, na nambari iliyobaki husomwa kwa lenzi inayokuza mara 10.