Historia ya Kikundi Chetu na Bibi Zetu Waliobaki Peke Yao



Kwanza tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha miaka kumi, tangu 2015 hadi 2025. Habari za hisa na mikopo mweka hazina ameshaziandika, hatutazirudia. Sisi tumeombwa historia, na katika historia yetu kuna jambo moja tunaona tuliseme wazi, nalo ni upweke wa wazee.

Mgeni akifika huku kwetu Kagera atauliza, mbona mzee akose mtu wa kuongea naye kijijini? Lakini nyumba zetu zimo ndani ya migomba, kila mtu na kibanja chake. Usipopita kwa mwenzio kwa makusudi huwezi kujua kama ameamka. Na wa kupita wamepungua. Mwaka 1978 jeshi la Amini liliingia, watu wa ng'ambo ya mto Kagera wakakimbia, wengine hawakurudi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walionekana katika mkoa huu huu. Ugonjwa ule uliwachukua watoto, bibi wakabaki na wajukuu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ikazama karibu na Mwanza, wakafa mamia. Bibi wa miaka 80 leo ameyaona yote hayo akiwa mtu mzima, na makaburi ya wanawe yako palepale kibanjani, anayaona kila akitoka kumwaga maji. Wajukuu aliowalea nao wamekwenda mjini kutafuta kazi. Hela wanatuma kwa simu, tusiwasingizie. Ila simu ikikatwa ndiyo basi, mpaka mwezi mwingine.

Sisi hatukuliona hilo mapema. Katiba yetu ilisema mwanachama akikosa kununua hisa mara tatu mfululizo anatolewa. Mwaka 2018 tukamtoa mama mmoja mzee. Tulimrudishia akiba yake yote, akaweka dole gumba kwenye daftari. Alhamisi iliyofuata akaja, akakaa nje juu ya jiwe. Tukadhani hakuelewa, katibu akamweleza tena. Akajibu, "Nimeelewa mwanangu. Nyinyi endeleeni, mimi nimekuja kusikia watu."

Akaja Alhamisi ya pili, na ya tatu. Ya nne hakuja. Hakuna aliyekwenda kuuliza, maana hakuwa mwanachama tena! Tulipokwenda, siku tatu zilikuwa zimepita. Tulimkuta amelala, hana homa, hana kidonda, na jiko ni la baridi. Ndizi zilikuwapo. Alisema haoni sababu ya kumenya ndizi za mtu mmoja.

Tulirudi kimya siku ile. Mkutano uliofuata ulikuwa mkali. Wengine walisema kikundi siyo nyumba ya kutunzia wazee, fedha zitaisha, na wanachama watano wakaondoka. Hatuwalaumu, hofu ile hata sisi viongozi tulikuwa nayo. Lakini katiba ilibadilishwa. Kuanzia miaka 60, kama Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inavyohesabu uzee, mama asiyeweza hisa anabaki mwanachama. Atatoa alicho nacho kwenye mfuko wa jamii, hata kama ni mayai mawili. Na asipoonekana Alhamisi, watu wawili wanakwenda kwake jioni ileile, siyo kesho.

Mama yule tulimrudisha, tukawa naye hadi 2023. Kusoma hakujua, lakini alikuwa anakumbuka deni la kila mtu kuliko daftari, na wenye madeni walimkoma!

Sasa bibi tunaowapitia ni tisa. Wagonjwa ni wawili tu, wengine wanataka maongezi. Zamu ya mwezi huu ni ya akina mama wa ng'ambo ya kijito. Tafadhali wabebe kiberiti, bibi wa kule cha kwake kimelowa.